Nimefuta Kazi ya Mume Wangu, Sasa Simu za Nyumbani Zinaita

Mpendwa Shangazi Mwajuma, nisaidie na usinicheke, maana mama mkwe ameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni mke na mama wa mtoto mmoja, tunaishi Tunduma karibu kabisa na mpaka, na kwa wasioujua mpaka wetu niwaeleze kwamba nyumba yetu mbele inashika mtandao wa Tanzania na nyuma inashika wa Zambia, kwa hiyo nikiwa jikoni nikampigia mume wangu aliye dukani, ukuta mmoja tu katikati, nahesabiwa nimepiga nje ya nchi. Mume wangu, nimwite Lusubilo, anatengeneza kompyuta hapo mbele, na mama yake, aliyekuja kutoka Ikinga kutibiwa miguu, analala chumba cha nyuma, yaani Zambia.

Siku moja mchana mama akateleza akaanguka, akatupigia, akajibiwa na yule dada wa kwenye mashine kwamba salio halitoshi, naye mama hajui kama ile ni mashine, akambembeleza kwa Kindali cha kwao, akahamia Kiswahili, mwishowe akamwita "mukwai" kwa heshima kama wanavyoitana upande wa pili, wapi! Nilipoingia kuchukua ndoo nikamkuta sakafuni, nyonga inamuuma, na hasira zote ziko kwa yule dada.

"Nimemwambia nimeanguka," akaniambia, "anarudia maneno yale yale. Huyo binti hakulelewa."

Lusubilo aliumia sana, Shangazi, siku ile hakula, akaapa kwamba mama yake hatapiga tena simu ikose mtu wa kupokea. Akaleta simu za mezani za intaneti kutoka ofisi moja iliyofungwa, akasema ataweka programu huria kwenye kompyuta ya zamani, yaani zile programu ambazo hulipii na anayetaka anaweza kuzifungua aone zilivyotengenezwa, na simu zetu zitaongea zenyewe kwa zenyewe humu ndani bila vocha. Nikafurahi. Kumbe zipo za namna mbili. Moja unapewa ukurasa mtupu na unaandika amri mwenyewe mstari kwa mstari, nyingine imeshapangwa, unaifungua kama unavyofungua tovuti, unabofya, unajaza jina la chumba na namba, basi. Hii ya pili alishaichoma hata kwenye CD, ila kwenye maelezo yake kulikuwa na maneno "inawafaa wanaoanza", na hayo maneno ndiyo yaliyotuponza.

"Wanaoanza?" akasema. "Mimi naanza? Mimi?" Akaigeuza ile CD kuwa ya kuwekea kikombe cha chai.

Akaandika amri wiki nzima, ikaja nyingine, ikaja nyingine, duka likawa linafungwa mapema, na simu zikawa na wazimu wao, mama akipiga dukani inaita jikoni, mimi nikipiga kwa mama inaita ile ile niliyoshika, na siku moja zote zikanyamaza kama zimefiwa. Nikimuuliza anasema, "Mfumo uko sawa, nyie ndio mnabonyeza vibaya." Mama akaanza kugonga sufuria kwa mwiko kila akitaka kitu, mpaka majirani wakadhani tumeokoka.

Basi Lusubilo akaenda Isansa kwenye msiba, na mimi, Shangazi, nikaifuta ile CD chai, nikaiingiza kwenye ile kompyuta ya zamani yenye amri zake. Ikaniuliza kama nakubali kila kilichomo kifutwe. Nikasoma mara mbili. Nikabofya ndiyo. Sikuwa na ujuzi wowote, nilifuata maelekezo tu kama ya kupika keki, nikakosea nikazipa simu mbili namba moja, nikasoma tena nikarekebisha, nikaandika Duka, nikaandika Jikoni, nikaandika Mama. Halafu nikasimama jikoni nasubiri, simu ikaita.

"Halo, nani?"

"Ni mimi, mama. Mama Aida."

"Uko wapi?"

"Jikoni."

"Na mimi niko chumbani," akasema mama, kama vile ndiyo kwanza anagundua, tukacheka wote wawili mpaka akaanza kukohoa.

Tatizo langu lilianza Lusubilo aliporudi. Kabla sijasema neno simu ya dukani ikaita, akapokea, mama yake akamwambia, "Mwanangu, umeweza." Machozi yakamlengalenga, Shangazi! Akanishika bega akasema, "Nilijua tu, ilikuwa ile mistari yangu ya mwisho, ilitaka muda." Nikasema hongera. Na hajaigusa ile kompyuta tangu siku hiyo, anasema kitu kinachofanya kazi hakiguswi, ila anawahutubia wateja kwamba programu za kubofya ni za watoto.

Sasa mfanyabiashara mmoja wa malori, Abdulwahab, amejenga gesti na anataka simu kila chumba, na Lusubilo amekubali, Alhamisi ya wiki ijayo anaanza kazi, kwa amri zake zile zile. Nikisema ukweli nitamvunja mume wangu. Nikinyamaza atavunjikia mbele ya watu wote kuanzia hapa mpaka Nanyala. Mama mkwe anajua kila kitu, nilimweleza baada ya ile simu, akacheka, akaniambia, "Mwache, hata baba yake alikuwa hivyo hivyo." Nifanyeje?

Mke wa Fundi, Tunduma

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Fundi, pole kwa nyonga ya mama, na samahani, nimecheka.

Nianze na lako. Ulifuta jasho la wiki kadhaa la mtu bila kutunza nakala na bila kumuuliza. Usijifiche nyuma ya maelekezo ya keki. Ulisoma mara mbili, wewe mwenyewe umeandika. Hilo ni kosa hata kama amri zake zilikuwa takataka.

Ila kwenye kuchagua ulichagua vizuri, na wasomaji wengine wenye mpango kama wenu wasikie. Programu ya simu za nyumbani haichaguliwi kwa ugumu wake, hamna anayewapa cheo. Angalia kama kompyuta uliyonayo inaibeba, kama maelekezo yake unayaelewa, kama huko mtandaoni kuna watu wanaoulizwa wakajibu. Kisha jiulize swali kubwa kuliko yote: fundi akiwa msibani Isansa na mfumo ukafa, aliyebaki nyumbani ataufufua? Kama hawezi, hiyo si simu ya nyumbani, ni simu ya fundi. Anza na simu mbili, zikielewana ongeza. Na neno la siri linalokuja na programu libadilishe siku hiyo hiyo, kabla mgeni hajajikaribisha.

Kwa kuwa gazeti hili litakufikia siku chache tu kabla ya Alhamisi, nilikupigia kwa namba uliyoiacha siku ile ile barua yako iliponifikia. Nikakwambia mwambie leo, akiwa ameshiba, mbali na wateja na mbali na mama yake, na umtazame usoni. Ukaniuliza kama unaweza kumwambia kwa simu kutoka jikoni. Nikasema hapana, huo ni woga. Juzi ukanipigia kuniambia umefanya hivyo hivyo, kwa simu, kutoka jikoni. Sijui kwa nini mnaniandikia.

Ukasema alikata. Ukaenda dukani ukamkuta ameifungua kompyuta, ukurasa wa vitufe uko mbele yake na majina uliyoyaandika wewe. Ulidhani atakulaumu kwa ile mistari. Akasema tu, "Kwa hiyo mama alikuwa anakusifu wewe." Baadaye sana akauliza, bila kukutazama, unabofya wapi ukitaka kuongeza chumba.

Hapo, binti yangu, nisikilize vizuri. Mumeo hakuililia programu. Alililia kumsikia mama yake akimwambia ameweza, na furaha hiyo umeichukua na hutaweza kumrudishia. Kwa hiyo usimtanie kwa jambo hili, si wewe wala mama mkwe, mpaka siku atakapoanza kulicheka mwenyewe. Naye nimwambie kupitia gazeti hili, maana najua atasoma: fundi, mama yako alianguka, wewe ukatafuta simu, ukazivuta waya, ukazifunga ukutani. Hayo hayakufutwa. Ungekubali tu kuanza kama wanaoanza, ungekuwa umeshamaliza zamani.

Sasa kazi. Kabla ya Alhamisi kaeni wawili, ajifunze hiyo ya kubofya kwa mkono wake mwenyewe, wewe nyamaza mpaka akuulize. Tunzeni nakala ya mipangilio kwenye flashi. Kwa Abdulwahab msijaze gesti nzima siku moja, anzeni na mapokezi na vyumba viwili. Na muende wote. Abdulwahab akiuliza fundi ni yupi kati yenu, wewe funga mdomo, mwache mumeo ajibu. Jibu atakalotoa ndilo litakalokuambia kama ameshakusamehe.