Maji ya Mgeni

Langas, Eldoret
Jumapili

Mwanangu Sifuna,

Hapa tuko sawa, mvua tu ndiyo imezidi. Baba yako bado ako na kazi kwa kile kiwanda cha ngozi, na mabati mapya tumeweka.

Nimesoma ripoti ya ofisi yenu, ile inapima kama nchi inaweza kukuza uchumi bila kuharibu maji na hewa. Nilifurahi kuona Kenya imepanda. Lakini nilipofika pale mmeandika mto wetu ni safi, niliweka simu chini.

Yule msichana mliyemtuma kuchukua maji alikuja na viatu vya ofisini. Njia ya mtoni ilikuwa matope, nikamwambia akunywe chai, chupa nitajaza mimi. Nilifika nikaona lile povu la kiwanda, nikashikwa na aibu. Mgeni wa mtoto wangu nimpe maji kama hayo? Nilijaza kwa tangi ya mvua ya jirani. Alishukuru, akaandika jina la mto kwa chupa. Na nyinyi pia, nchi nzima mnaipimaje mkiogopa matope?

Baba yako sijamwambia. Kiwanda kikifungwa, tutakula nini? Lakini dada yako Bridgit bado anachota mtoni, na mtoto wake ametoka vidonda tena. Daktari anauliza anaogeshwa na nini.

Wasike wa jirani anakuja huko Nairobi kesho. Nimempa chupa nyingine akuletee. Hii ni ya mto wenyewe. Usiifungulie ndani ya nyumba.

Mama yako,
Maximilla