Baba Hupima Oili Injini Ikiwa Baridi

Bi. Verna mpendwa,

Nakuomba unisaidie, na unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo nitaliingiza gari langu kwenye uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza na baba yangu atasimama pembeni kama fundi wangu, na mpaka sasa hajui kwamba kila anapolihudumia gari hilo mimi hungoja aondoke kisha natengua alichokifanya.

Nina miaka ishirini na tisa, naishi Wyandotte, Michigan, nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji, na mwezi wa tano nilinunua gari la michezo, la viti viwili, jekundu, jipya kabisa, ambalo nililitamani tangu nikiwa chuoni. Aliyefurahi kunizidi ni baba. Leonard Pruski aliunda injini kiwandani miaka thelathini na nne, akastaafu mwaka juzi, na tangu hapo alikuwa akikaa tu sebuleni kwake akitazama utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni, kama mtu aliyeambiwa asubiri ataitwa. Mimi na kaka yangu Dale tulijaribu kumpeleka kuvua samaki, tukajaribu kumtafutia mbwa, hakutaka. Siku nilipolileta gari alikwenda kuvaa ovaroli bila kuambiwa. Sasa kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijawasha injini, anafika na kahawa mbili na donati za jamu, anafungua boneti, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena na kukiinua kwenye mwanga.

"Imeshuka tena," husema. "Mwanangu, hii gari inakunywa kumshinda mjomba wako Chester."

Kisha anaongeza chupa moja.

Kufikia mwezi wa sita gari lilianza kutoa moshi wa buluu kila nikisimama kwenye taa, na Dale akaniuliza mbele ya majirani, "Dada, umenunua gari au mtambo wa kufukizia mbu?" Baba hakucheka. Alikonda kwa mawazo. Mimi ni mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na mara nyingi nafikiri mpaka wakati wa kusema unapita, kwa hiyo nilinyamaza nikasoma kitabu cha gari kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na humo nikakuta kwamba injini hii haihifadhi oili yake chini ya tumbo kama injini nyingine, ina tangi la pembeni, ili gari likikata kona kwa kasi oili isikimbilie upande mmoja. Gari likilala, oili hutoka kwenye tangi polepole na kurudi ndani ya injini, na kijiti, ambacho kinachungulia kwenye tangi tu, asubuhi huonyesha imepungua wakati haijapungua hata tone. Inatakiwa ipimwe injini ikiwa imepata moto, imezimwa, na baada ya kungoja dakika tano.

Siamini kitabu mpaka nipime mwenyewe. Kwa siku kumi na moja nilipima mara mbili kwa siku na kuandika kwenye daftari. Ikiwa baridi, chini ya alama. Ikiwa moto, juu ya alama ya mwisho, juu sana, na ziada hiyo ndiyo iliyokuwa ikiungua na kutoa moshi. Siku ya kumi na moja nilichukua mpira mwembamba na bomba kubwa la sindano, nikanyonya chupa moja na nusu, nikaendesha mpaka Monroe na kurudi, na nyuma yangu hewa ilikuwa safi njia nzima. Bi. Verna, niliimba. Nilikuwa peke yangu ndani ya gari na niliimba kwa sauti, kwa sababu nilijua jambo la injini asilolijua Leonard Pruski, na hata siku niliyopokea shahada sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile. Halafu nikafika nyumbani nikakumbuka kwamba mtu pekee ninayetaka kumwambia ni yeye.

Nilijaribu.

"Baba, kitabu kinasema ipimwe ikiwa ya moto."

"Kitabu kimeandikwa na mawakili. Oili inapimwa asubuhi, injini baridi, gari limekaa sawa. Mimi nimeanza kupima oili mama yako hajanijua."

"Lakini hii injini ni tofauti."

"Injini ni injini, Corinne. Kula donati."

Nikala donati.

Basi siku hizi akimimina nasema asante. Saa moja anaondoka kwenda misa, na kwa kuwa saa tatu anarudi tuoshe gari pamoja, mimi huwasha, naikanyaga kwa kasi papo hapo kwenye barabara kuu ili oili ipate joto haraka, narudi mbio, napima, nanyonya ile chupa yake. Naiba oili ya gari langu mwenyewe. Nikimwambia, naogopa atavua ovaroli na kurudi kwenye utabiri wa hali ya hewa, na safari hii hatatoka. Nisipomwambia, Jumamosi ataongeza chupa asubuhi mbele ya chama kizima cha wenye magari ya michezo, mahali ambapo siwezi kujificha na mpira wangu, na nitafukiza uwanja mzima mpaka waamuzi wanitoe kwa bendera. Nifanye nini?

Corinne Pruski

*

Corinne,

Nakutumia jibu hili kwa posta ya haraka, maana barua yako ikitoka gazetini Alhamisi baba yako ataisoma kabla hujamwambia, na hilo sitalikubali.

Kwanza, hongera. Nimejibu safu hii miaka kumi na tano, na wenye magari ya tangi la pembeni hunijia wakiwa wameshalowesha chujio la hewa kwa oili ya ziada, kisha wananibishia. Wewe ulisoma, ukapima, ukaponya gari lako. Kaa kidogo na ushindi huo. Umekaa? Sasa simama nikugombeze.

Umetumia barua nzima kueleza kosa la baba yako, na la kwako umelipitisha katikati ya sentensi ukidhani sitaliona. Unaikanyaga injini mpya ikiwa baridi. Oili baridi ni nzito kama asali, inachelewa kufika juu, na wakati inachelewa chuma kinasuguana na chuma. Chupa ya ziada ya baba yako hutoka kwa moshi na kwa bomba lako la sindano. Chuma unachokiondoa wewe kila Jumapili barabarani hakirudi. Yeye anaikosea injini kwa kutojua. Wewe unaikosea kwa kuficha, na kati yenu wawili wewe ndiye utakayeiua kwanza. Kwa hiyo swali la kumwambia au kutomwambia limekwisha.

Tena umemdharau mzee. Umeamua peke yako, ndani ya kichwa chako hicho chenye kazi nyingi, kwamba mtu aliyeunda injini miaka thelathini na nne ataanguka kwa kuambiwa jambo moja jipya la injini. Uliwahi kumuuliza?

Jumapili hii fanya hivi. Mwache apime ikiwa baridi kama alivyozoea. Akishika chupa, mshike mkono, umwambie, "Baba, bado. Twende kwanza." Funguo mpe yeye. Aendeshe taratibu kwa dakika ishirini, bila mshale wa mizunguko ya injini kupita nusu, mpaka kipimo cha joto la oili kiwe kimepanda. Cha oili, si cha maji, maji hutangulia kupata moto na huwadanganya wengi. Egesheni mahali tambarare, zimeni, ngojeni dakika tano za saa. Kijiti achomoe mwenyewe. Wewe funga mdomo. Daftari lako libaki ndani mpaka aliombe. Na habari ya mpira na bomba la sindano utaitoa siku hiyohiyo, usiniletee ungamo la pili mwezi ujao.

Kisha mpe kazi halisi. Oili ya kwanza ya injini mpya hubeba unga wa chuma wa vipuri vinavyozoeana, na gari lako lisiingie uwanjani nayo. Imwageni yote, badilisheni pia filta, yaani chujio la oili, tieni oili ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu, si ile iliyobaki kwenye rafu ya mtu. Filta ya zamani mwipasue mkaitazame ndani. Mtaa wenu mzima hauna mtu awezaye kuusoma unga huo kama baba yako. Uwanjani pimeni kila baada ya duru, ikiwa ya moto. Na kuanzia leo hakuna anayeikanyaga injini hiyo kabla haijapata joto, hata kama nyumba inaungua.

Jumapili, Corinne. Si Jumatatu.

Verna Tolliver

*

Corinne aliniandikia tena baada ya Jumamosi ile. Nachapa barua yake kwa idhini yake na ya mzee.

Bi. Verna,

Jumapili, baada ya kuendesha na kungoja zile dakika tano, baba alichomoa kijiti, akakitazama. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akasema, "Tangi liko pembeni." Nikasema ndiyo. "Usiku inarudi ndani." Ndiyo. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza, "Umejua tangu lini?"

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye bomba la sindano alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akavua miwani. "Yaani mimi natia, wewe unatoa. Mimi nasali gari lipone, wewe uko huku na mpira." Kisha kicheko kikakatika. "Na oili ilipataje moto kabla sijarudi?" Nikamwambia. Alinigombeza robo saa nzima, vibaya kuliko wewe, akitembea huku na huko kwenye maegesho na ovaroli yake, na mimi nilifurahia kila dakika.

Jumatano tulimwaga oili. Filta aliipasua kwa msumeno, akaitandaza kwenye gazeti, akaitazama chini ya taa kwa muda mrefu, akasema injini ni nzima na mwenye gari ana bahati asiyostahili.

Jumamosi nilizunguka mara nane. Nilikata kona kwa kasi ambayo sikujua ninayo, na kila nikitazama kioo cha nyuma naona lami na anga tu. Nikarudi kwenye eneo la mafundi nikitaka baba aniambie kitu, na mahali pangu hapakuwa na mtu. Baba alikuwa magari matatu mbele, kichwa ndani ya boneti ya mtu mwingine mwenye gari kama langu, ameshika kijiti chake kikavu.

"Nani kakwambia hii inapimwa baridi?" alikuwa anamfokea. "Wewe bwana, kitabu cha gari lako umekisoma? Weka hiyo chupa chini. Kawashe kwanza." Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine wanne, boneti wazi, wakingoja zamu.

Nikamwita. Alinitazama juu ya miwani, mikono imejaa oili mpaka kwenye viwiko.

"Nimekuona," alisema. "Kona ya tatu ulichelewa, nyingine zote nzuri. Ngoja dakika tano upime mwenyewe, mwanangu. Mimi nina watu hapa."

Nikangoja dakika tano, nikapima mwenyewe. Ilikuwa kwenye alama.