Ulichechemea Mguu wa Kushoto

Mbuke,

Mwalimu alitufundisha kuanza barua kwa kusema mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Basi mimi ni mzima. Hofu juu yako sina tena, maana lililokuwa la kukupata limeshakupata. Nilichonacho ni hasira. Nimeikalia tangu juzi nikingoja ipoe, haikupoa, nikaona nikuandikie nayo hivyo hivyo.

Kwanza ujue kwamba nilikulilia, usije ukadhani nimegeuka mtu mbaya. Nilikaa msibani kwenu mpaka matanga yalipoisha. Nilipika na dada zako, nilimshika mama yako mkono kila alipotaka kusimama. Nilikuwa nakuita "mwenzangu wa sindano" huku nalia, na wanawake wakanitazama kwa huruma, kwamba huyu naye yake iko njiani. Machozi yale, Mbuke, ningeweza ningekuja kukudai.

Wewe na mimi tulianza kuumwa pamoja. Ulikuwa mwaka ule tulipohamishiwa kijijini, upande huu wa Lagangabilili, nyumba zikapangwa mstari na sisi watoto tukalundikwa chumba kimoja wakati baba zetu wakiezeka. Koo zikatuuma wote. Baadaye yakaja magoti, ukavimba wewe, nikavimba mimi. Leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko, maumivu yanahama kama watu waliokosa kiwanja. Mama yako akasema kuna mtu kafukia kitu kwenye kiwanja chetu kipya. Mama yangu akasema ni mifupa inakua. Tukachanjwa chale magotini, wembe mmoja, siku moja, na wewe ukanicheka kwa sababu nilifumba macho.

Halafu akaja yule daktari kijana kutoka Mwanza, yule mwenye viatu vilivyojaa udongo mweusi wa mbugani. Alituambia ugonjwa wetu ni homa ya baridi yabisi, kwamba unaanzia kooni, kwamba magoti hupona yenyewe lakini moyo hubaki na kovu, na homa ikirudi kovu linaongezeka. Alikuwa anafanya utafiti. Alitaka kujua kama mtoto wa kijijini akichomwa penisilini kila mwezi, kwenye zahanati ya kijijini, homa itaacha kumrudia. "Sikuja kuwafundisha tu," alisema, "nimekuja kujifunza kwenu." Mama zetu wakapiga makofi. Akatuvalisha ile mipira ya masikioni tusikilize mioyo yetu wenyewe. Wangu ulipuliza kidogo. Wako ulikuwa na sauti ndefu zaidi, na ukasema, "Moyo wangu unapepeta mtama." Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Nakukumbusha haya ili ukumbuke kwamba ulikuwepo. Uliyasikia kwa masikio yako.

Siku ya sindano tulikwenda pamoja. Anayechoma alikuwa Masanja, dresa wa zahanati, mtoto wa mjomba wako. Dawa ilikuwa nyeupe na nzito kama maziwa, inaingia polepole, na mguu mzima unakuwa si wako mpaka jioni. Mwezi mmoja upande wa kushoto, mwezi unaofuata upande wa kulia. Mwezi wa kulia tuliuogopa zaidi, sijui kwa nini, na wewe ndiwe uliyeanzisha ule mzaha wetu. Nikikuuliza ni zamu gani unanijibu, "Zamu ya kulia," halafu unajifanya kufuta machozi. Tuliuchezea mzaha huo mpaka tukawa wanawake.

"Tangulia wewe, Holo." Hivyo ndivyo ulivyosema kila mara pale mlangoni. Mimi nikaona ni heshima. Nilitangulia, nikatoka nimeuma kanga, nikakaa kwenye benchi kukungoja. Nawe ukatoka umeuma kanga. Tukarudi nyumbani tunachechemea, tumeshikana mabega. Balozi wetu wa nyumba kumi akituona kwenye njia ya shamba la pamba la kijiji anakunja uso, maana siku ya sindano tulisamehewa kulima na yeye alikuwa hapendi watu wa kusamehewa. "Wale wawili wanaumwa kweli?" aliwahi kumuuliza baba yako. Baba yako akamwambia aangalie miguu yetu. Akaangalia, akashika njia yake.

Mwezi mmoja, ulikuwa mwezi wa kulia, ukatoka mle ndani unachechemea mguu wa kushoto. Nililiona. Nikakucheka, nikakwambia umesahau matako yako. Na wewe bila kupepesa ukanijibu, "Maumivu yamehama." Tukacheka sana, Mbuke. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani.

Wakati huo yale maneno yalikuwa yameshaanza. Kwamba sindano ile inaziba kizazi. Kwamba daktari katumwa kupunguza watu. Sijui yalianzia kisimani au mnadani, ila yalifika kila nyumba, na posa yangu ya kwanza ikarudi nayo. Wale watu wa Mkula walikuwa wameshakunywa togwa kwetu, wakamuuliza mama kama mimi ni katika wale wasichana wa kuchomwa, mama akasema ndiyo, hawakuonekana tena. Nilikuja kwenu nimevimba macho. Nilitaka kuacha sindano, nilikwambia hivyo wazi. Ukanipangusa uso kwa mkono wako. "Hayo ni maneno ya watu wasio na kazi," ukasema. "Yule mwanamume hakuwa na macho. Mwezi ujao tunakwenda, mimi na wewe."

Tukaenda, wewe na mimi.

Ukaolewa wewe kwanza. Nilikuimbia harusini na sikuwa na wivu hata kidogo, mama yako ni shahidi. Ulipopata mimba nikafurahi mara mbili, mara moja kwa ajili yako na mara nyingine kwa ajili yangu, maana nilisema basi, mwenzangu wa sindano amepata mimba, na mimi nitapata. Mimba yako ilikuwa cheti changu. Shija aliponiposa na nduguze wakauliza lile swali, mama aliwajibu, "Nendeni mkamtazame Mbuke."

Mimba ikawa kubwa na pumzi yako ikawa ndogo. Miguu ikavimba. Ukawa hulali chali, unaegemea ukuta kama mgeni aliyekosa kitanda, na nilipokuja kukuona ulikuwa unaongea nusu sentensi na nusu nyingine unaniachia niimalizie. Kijiji kikatoa trekta, ukapelekwa Bariadi ndani ya tela juu ya magunia ya pamba. Waliporudi na wewe, mtoto alikuwa bado yuko ndani yako.

Daktari alikuja msibani. Alikaa na wanaume, kofia mkononi. Nilikuwa napita na maji nikamsikia akimwambia baba yako kwamba hajui la kusema, kwamba katika watoto wote wa utafiti wake wewe ndiwe uliyechomwa bila kukosa hata mwezi mmoja, na bado homa ilikurudia na kuumaliza moyo. Pengine mwezi mmoja ni mrefu mno kwa dawa ile, alisema. Pengine dawa yenyewe haiuwezi ugonjwa wa huku. Ilimbidi awaeleze wakubwa wake hivyo hivyo alivyoona. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeaibika.

Unajua kilichofuata? Benchi la zahanati likawa tupu. Akina mama walisema waziwazi, "Kama Mbuke aliyechomwa miaka yote amekufa, mwanangu ateseke kwa lipi?" Waliokuwa wanaogopa utasa sasa wakapata na kifo juu yake. Mtoto wa jirani yetu, yule msichana mwembamba wa kuuza karanga, aliachishwa sindano na sasa goti lake limevimba tena. Namwona akipita.

Na mimi hapo nilikuwa nimeshika mimba. Nilimficha Shija, mume wangu sasa, hebu fikiri, kitu nilichokitamani miaka yote nikakificha kama kitu cha wizi. Nikipanda hata kile kichuguu cha nyuma ya nyumba nasimama kusikiliza pumzi yangu. Nikivua kandambili naangalia kama zimeacha alama miguuni. Nilikuwa najiandaa kukufuata, Mbuke. Nilishamchagua hata mdogo wangu wa kumlea mtoto, kama mtoto angebaki.

Juzi nilikwenda zahanati. Nilikwenda kwa sababu ya mazoea tu, miguu ilijiendea. Nikamkuta Masanja amempakata binti yake mwenyewe, magoti yamevimba, anamtayarishia sindano ile ile nyeupe. Nikasimama mlangoni nikamuuliza, "Masanja, unamchoma mwanao sindano iliyomshinda Mbuke?"

Alimchoma mtoto kwanza, polepole, mpaka tone la mwisho, mtoto analia na yeye analia. Halafu akasema, "Haikumshinda. Haikuingia."

Kaniambia yote. Miezi ya mwanzo alikuchoma. Baada ya maneno yale ya kizazi ulimpigia magoti, ukamwambia utakuwa tasa na yeye ndiye atakayekuwa ameifunga nyumba ya shangazi yake. Akawa anaimwaga dawa kwenye beseni la pamba chafu, anaandika umechomwa, na wewe unangoja kidogo, unauma kanga, unatoka.

Nikamuuliza, "Na mimi je? Hamkuniambia kwa nini?"

Akasema alikuuliza hilo. Akasema ulimjibu hivi: "Holo mwache. Tukitoka wote wawili tunatembea vizuri, balozi atashtuka."

Nilikaa kwenye lile benchi letu.

Hilo ndilo nililokuandikia, mengine yote ni maelezo. Kuogopa sindano ningekusamehe, hata mimi niliiogopa. Kumdanganya daktari ningekusamehe. Lakini wewe uliamini kabisa kwamba dawa ile inaua kizazi, na ukanipangusa machozi, ukanishika mkono, ukanipeleka. Ulinitanguliza mlangoni. Kwa imani yako wewe, kila mwezi ulikuwa unanitia utasa kwa mkono wako ili kuchechemea kwangu kukupe kivuli cha kuchechemea kwako. Na jioni ukawa unakuja kuniletea maji ya moto ya kukanda. Ulikuwa unawaza nini ukiniwekea kile kitambaa, Mbuke? Uliniangalia usoni. Nakumbuka uliniangalia.

Na ubaya wake ni huu, kwamba siwezi hata kukuchukia vizuri. Ulinipeleka kwenye kile ulichodhani ni maangamizi yangu, kumbe ndicho kilichoniweka hai. Masanja aliposema haikuingia, kabla hasira haijafika, kitu cha kwanza nilichokisikia ndani yangu kilikuwa furaha. Nitaishi. Sindano inafanya kazi, nimechomwa bila kukosa, nitaishi. Nilifurahi juu ya kaburi lako. Na hilo nalo umenifanyia wewe.

Sasa kesho daktari anakuja kusikiliza mioyo, na balozi amewaita akina mama wote, wanaotaka na wasiotaka. Masanja ameniomba nisiseme. Atafukuzwa, na huyo binti atamlea na nini. Mama yako naye anajua, Masanja alimwambia. Alikuja kwangu jana, mwangaluka yake, salamu ya asubuhi, ikiwa chini kuliko siku zote, akakaa sakafuni ingawa nilimpa kigoda. "Ng'wana wane," aliniambia, akiniita mwanawe, "usimvue mwanangu nguo na yeye yuko chini ya udongo." Halafu akalitazama tumbo langu, akaomba mtoto akiwa wa kike nimpe jina lako.

Sikumjibu, Mbuke. Mayu, mama yetu huyo, amenilisha tangu nikiwa mtoto. Nilimtengenezea uji, akaunywa, akaondoka.

Lakini wewe nakujibu. Nitasema. Nitasimama mbele ya lile benchi na tumbo langu hili nililokuwa nalificha, niwaambie akina mama waliguse kama wanataka, kwamba huyu alichomwa miezi yote na yuko hivi. Nitamwambia daktari akafute alichowaeleza wakubwa wake, kwamba dawa yake haikushindwa, ilimwagwa. Na nitakutaja. Nilijaribu kutafuta namna ya kusema bila kukutaja na sikuipata, maana ni kifo chako kilicholiacha benchi tupu, si cha mtu mwingine. Yule msichana wa karanga hana muda wa kusubiri mimi na wewe tupatane.

Kuhusu jina, siwezi kumpa mtoto kitu kilichofichwa. Nitalitaja kwanza pale zahanati, likiwa na ukweli wake wote, watu walisikie. Nikirudi nyumbani na kuona bado naweza kulitamka, mama yako atapata alichoomba. Nikishindwa, utanivumilia, kama mimi nilivyokuvumilia bila kujua.

Lala sasa, mwenzangu wa sindano. Siyo mwenzangu, lakini sina neno jingine la kukuita, nililizoea hilo. Baada ya maneno ya kesho nitaingia mle ndani nichomwe, na safari hii hakuna wa kuniambia nitangulie. Nitarudi peke yangu kwa njia ile ya pamba, nikichechemea mguu unaostahili. Nimeshaangalia, Mbuke.

Ni zamu ya kulia.

Holo