Malkia Bila Onyo

Ijumaa, 11 Agosti
Balige. Kesho raundi ya mwisho ya mashindano ya sataranji. Nikishinda naingia timu ya wilaya, nakwenda kucheza mjini Medan. Nikishindwa, narudi kwenye cherehani yangu, basi. Na nimepangiwa nani? Monang! Balaa gani hii! Yeye kiwango chake pointi 2080, mimi 1540. Wenzangu wananipa pole kana kwamba nimefiwa.

Mjomba Togar kasema niache woga, nilale. Nikishinda atanipikia samaki. Kwetu samaki wa baraka hutoka kwa mjomba — huyo samaki namtaka kuliko hata Medan.

Jumamosi, 12 Agosti
NIMESHINDA!

Hatua ya thelathini na moja nikasogeza farasi, akamlenga malkia wa Monang. Nikafunga mdomo. Kibandani kwa Mjomba, anakouza kahawa, ukimlenga malkia wa mwenzio lazima useme "Malkia!" Usiposema, we mwizi. Lakini mashindanoni ukisema, mwamuzi anakukaripia. Monang naye kalelewa vibandani — sikio lake lilikuwa linangoja. Kasogeza askari wake wa pembeni, kaegemea kiti. Nikamla malkia.

Akashika kichwa: mbona hukusema, dada? Halafu akacheka mwenyewe, akanipa mkono. Muungwana kweli.

Asante, Mungu. Asante, Mjomba! Baba alisema sataranji si ya wasichana; Mjomba akanivutia kiti tu, miaka ishirini sasa. Nimelia chooni kwa shukrani.

Jumapili, 13 Agosti
Toka kanisani moja kwa moja kibandani. Harufu ya samaki mpaka barabarani! Mjomba kanikumbatia, kaniita bingwa wake. Akataka nimwonyeshe mchezo wote. Nikaupanga, hatua kwa hatua. Kufika kwa yule farasi, akanishika mkono. Ulimwonya?

Nikasema hapana, Mjomba. Sheria za kule haziruhusu.

Kafunika sufuria ya samaki. Kapanga ubao upya: kaa, mpwa wangu.

Nusu saa tumecheza. Sasa kaenda nyuma kuongeza kuni, naandika upesi. Zamu yangu. Naangalia ubao — loh! Ngome yake imemlenga malkia wangu. Na hajasema! Mjomba Togar, hajasema! Tangu nimjue, hii ni mara ya kwanza.

Ananifundisha, au ananiadhibu? Samaki bado amefunikwa. Nasikia ndara zake, anarudi —