Nimefunika Vidole vya Mama kwa Simenti

Mshauri mpendwa, salamu kutoka Nyansurura, niko taabani, naomba unisaidie kabla baba yangu hajaugua. Mama alifariki mwaka jana na nyumba yetu ya udongo ikaanza kupasuka, nami niliporudi kutoka Musoma, ambako kila siku niliwatazama mafundi wakijenga, nikajiona fundi, nikanunua simenti Tarime, nikapiga lipu kuta zote za ndani peke yangu, maana kwetu kusiriba kwa udongo ni kazi ya wanawake na mwanamume hafundishwi, ila simenti niliiona ya kiume. Sikufikiri kwamba nafunika alama za vidole vya mama, kwani kila baada ya mavuno yeye na dada yangu Gati, ambaye sasa ameolewa Issenye, walisiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kisha mama akamalizia kwa vidole, mistari iliyopinda kama mwezi mchanga, na mimi utotoni niliifuata kwa kidole mpaka usingizi unichukue. Baba alipoingia akasema, "Mura, kijana wangu, mama yako umemzika mara ya pili," akabeba ngozi yake ya kulalia, sasa analala zizini na mvua zimeanza. Lipu yenyewe inadondoka. Je, nipige nyingine nzito, au nibomoe nimjengee ya matofali?

Rubeni Mniko

Rubeni, pole kwa msiba, lakini lazima nikugombeze. Kama kutazama kungetosha, mimi ninayetazama misa kila Jumapili ningekuwa padri zamani. Udongo na simenti havishikani, ndiyo maana inadondoka, na hayo matofali hakuna aliyekuomba.

Nami nimekulia katika nyumba ya namna hiyo. Barua yako imenirudishia harufu ya sakafu mbichi na mama akitufukuza tusikanyage, nikalia mezani kwangu.

Mwiko weka chini. Bandua lipu iliyolegea kwa mkono, usigonge. Kisha panda baiskeli uende Issenye ukamlete Gati, asiribe alivyofundishwa, na wewe ndiye utakayekanyaga udongo na kuchota mavi. Majirani wakicheka, waache wacheke.

Lakini kabla ya hayo, okota kipande kikubwa cha lipu kilichodondoka, ukigeuze. Simenti mbichi hushika umbo la kitu ilichofunika. Ukiiona ile mistari, nenda zizini, mwamkie mzee, mwombe radhi, umwekee kipande hicho mkononi. Usimweleze neno. Vidole vyake vitatambua.