Televisheni Iliyovaa Koti la Marehemu Malale

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Mpanda, Mkoa wa Rukwa
Jina: Christina binti Nkwabi. Umri: miaka 47. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Kazi: mkulima. Makazi: Kasokola.
Tarehe: 16/8/1999, saa 3:20 asubuhi.

Mimi ni mjane wa Malale, aliyefariki kwa homa mwezi Julai mwaka huu. Mlalamikaji Yotham ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, kwangu ni shemeji. Mtuhumiwa Scola ni binti wa Makanyagio, Mnyamwezi, kwetu Wasukuma ni mtani. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimesikia Scola yuko mahabusu kwa kumdhihaki marehemu, na Yotham anataka kanda ya video ichomwe moto. Sauti ya mume wangu imebaki kwenye kanda hiyo tu.

Scola alisomea sanaa Dar es Salaam. Mwaka jana alirudi na kamera, akatusimulia habari za intaneti, kwamba mtu anaacha maneno yake kwenye mashine, mwingine yuko nchi ya mbali anayakuta na kuyajibu, na hawajawahi kuonana. Akasema, "Mpanda intaneti haijafika, lakini baiskeli ipo." Basi akawa anarekodi watu vijijini na kupeleka kanda kwa baiskeli. Ikola anakwenda na malori ya dagaa. Anayerekodiwa Kasokola, wa Ikola anamwona na kumjibu. Nilimwambia huo ni uvivu wa Kinyamwezi, mtu kuamkiwa na kioo. Alicheka.

Mume wangu na Yotham walikuwa hawasemeshani, mwaka wa nne huu. Yotham aliuza dume la ng'ombe la marehemu baba yao bila kumuuliza mtu, akahamia Ikola kuvua. Malale akasema hana mdogo. Mwezi Mei Scola akatuletea kanda ya Ikola, tukaitazama kwenye kioo kidogo cha kamera. Yotham alikuwemo, amekaa kando ya chanja cha dagaa. Alisema, "Kaka, shikamoo," akanyamaza mpaka mwisho.

Malale alitoka akaenda kukaa zizini. Nilidhani amekasirika. Jua lilipopungua akarudi amevaa koti lake la kijivu na kofia, akamwambia Scola, "Haya mpagazi, nirekodi, ukabebe mzigo." Nilikuwepo wakati anarekodiwa. Afande umeniuliza alisema nini, na mimi nimekujibu kwamba maneno hayo si yangu, ni ya Yotham. Andika hivyo hivyo.

Scola aliipeleka Ikola akaambiwa Yotham yuko kambi ya mbali ziwani, akarudi nayo. Malale akafa kanda ikiwa bado mkobani. Habari ya msiba nayo haikumpata Yotham mapema. Alipofika, tulikuwa tumeshazika na matanga tumeshaanua.

Kwa hiyo hakuona ya matanga. Siku ile Scola alivaa koti la Malale, akatembea kama Malale na kukohoa kama yeye, ndivyo watani wanavyofanya. Nilicheka, na tangu msiba nilikuwa sijacheka. Baadaye akaniomba koti kwa ajili ya maonyesho yake, nikampa kwa mkono wangu. Hakuiba.

Mnamo tarehe 14/8/1999, Jumamosi, saa 8 mchana, nilikuwa Makanyagio kwenye ghala la Sadalla mfanyabiashara. Scola alikuwa amepanga televisheni juu ya viti, zinatazamana kama wageni waliokuja kusalimia. Watu waliingia wakawa wanajibizana na vioo, wengine wanatukanana kwa utani mpaka machozi. Televisheni ya Malale ilivaa koti lake, na kofia juu. Nilipoiona nilishtuka, kisha nikafurahi, sitaficha.

Yotham aliingia, Scola alikuwa amemwita. Akajikuta mwenyewe kwenye kioo cha upande wa pili, anasema, "Kaka, shikamoo." Akageuka, akaliona koti. Malale ndiyo kwanza alikuwa anakohoa. Yotham akasema, "Kaka yangu mmemtia kwenye sanduku mumchezee?" Akachomoa waya. Scola akamwambia, "Subiri, mtani, bado hajasema." Hakusubiri, akaja moja kwa moja kituoni, mkaja kumchukua Scola pamoja na kanda na koti.

Simlaumu. Hakuwahi kumzika kaka yake, na alikuwa amemwamkia bila kuitikiwa. Lakini naomba, kabla hamjachoma kitu, iwasheni aione. Ni fupi. Akishaiona, akitaka kuchoma, kiberiti nitamletea mimi.

Nimesomewa yote, na ndivyo nilivyosema, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba)

MAELEZO YA MWANDISHI: Nimeyaandika mimi, Konstebo Severini. Saa 5:40 asubuhi, kwa ruhusa ya mkuu wa kituo, kanda imewashwa mbele ya mlalamikaji. Marehemu anaonekana akikohoa, kisha anasema: "Marahaba, mdogo wangu. Lile dume lilikuwa limeshazeeka. Njoo nyumbani." Mlalamikaji ameomba irudishwe nyuma, ikarudishwa. Ameomba tena. Amefuta malalamiko yake kwa mdomo na kwa sahihi. Mtuhumiwa ameachiwa, kanda na koti vimekabidhiwa kwa shahidi. Mlalamikaji hajaondoka kituoni. Amekaa kwenye benchi la nje, anamsubiri Scola aweke betri kwenye kamera, anasema ana neno la kujibu.