Ripoti ya Wambeti Niliyoificha

Kanja, Embu
19 Septemba 2025

Mwanangu mpendwa Cicily,

Ripoti ya shule ya Wambeti niliificha wiki saba ndani ya kitabu changu cha nyimbo, na kila ulipopiga simu nilikuambia mwanao amefanya vizuri. Naanza na hilo kabla hata ya kukujulia hali, maana nikianza na salamu nitapata nafasi ya kukimbia.

U hali gani huko Doha? Joto limepungua? Hapa nyumbani wote ni wazima, ila mimi nimekwisha. Moyo umechoka, na daktari hakunificha. Sidhani nitaiona Krismasi. Usilie, miaka themanini na mitatu si haba. Ninaandika kwa kalamu nene, na Wambeti ananiwekea rula chini ya kila mstari, kwa hivyo uvumilie mwandiko.

Najua Lydiah dada yako aliiona ripoti alipokuja kunitandikia kitanda, na najua amekuambia. Amenieleza pia kwamba mwezi wa kwanza unataka mtoto ahamie kwake mtaa wa Dallas, asome hapo Embu mjini, kwa sababu mwalimu wa huku amelala kazini. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwa simu ningekudanganya tena.

Nilipewa ripoti siku ya kufunga shule. Nilimwambia mwalimu Gladys nimesahau miwani, akanisomea. Kusoma: chini ya matarajio. Hesabu: amefikia matarajio. Kusikiliza na kuzungumza: amezidi matarajio. Nikamuuliza, "Na amekuwa wa ngapi?"

Akacheka. "Mwalimu, siku hizi hatuwapangi. Ninyi ndio mlikuwa mkitusimamisha paredi na kutuita kwa namba. Mimi uliniita wa thelathini na nane, mama yangu akisikia."

Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau, na bado alinivutia kiti.

Kisha akanieleza kwamba maneno yale si hukumu. "Yananiambia mtoto amesimama wapi leo," alisema, "nijue pa kumshika mkono." Nilifundisha miaka thelathini na minne, kumi kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na sikuwahi kumweleza mzazi jambo gumu kwa upole namna ile.

Tangu shule ifunguliwe, Gladys humketisha Wambeti dakika ishirini baada ya chakula cha mchana, na herufi alizozikata kwenye maboksi ya sabuni. Hakuna aliyemtuma. Jumapili iliyopita mtoto alisoma neno "kuku" kwenye gunia la chakula cha kuku. Akalisoma tena. Kisha akaliburuta gunia mpaka bandani kuwaonyesha kuku wenyewe.

Na nikuambie habari ya ulimi wake. Muhula wa pili, kila jioni, alikuwa akinisomea kitabu cha shule. Fisi alichuma chai, akaipeleka Manyatta, kwenye kituo cha kupimia majani chai. Karani akaitazama, akamuuliza, "Wewe, hii umechuma kwa miguu?" Fisi akajibu, "Nimechuma kwa njaa, karani." Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Kesho yake fisi alirudi na mkewe. Kesho kutwa, na wakili. Mimi ni mtu wa vitabu, Cicily, na sijapata kukutana na fisi kama huyo.

Kitabu chenyewe, Gladys aliniambia siku ile ya ripoti, kinahusu kunawa mikono.

Wambeti anakusalimu sana. Lydiah pia; usimlaumu, alisema nililopaswa kusema mimi. Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwa mtoto wako ukiwa mzima, na umkute palepale anapofundishwa vizuri.

Sasa lililobaki. Mwalimu alitutaka tumsikilize mtoto akisoma kila jioni, kisha tutie saini daftarini. Aliona saini ya mwalimu mkuu mstaafu, akaamini, kama ambavyo ningeamini mimi. Lakini maandishi ya kitabu siyaoni tangu mwezi wa nne. Miwani haikusahaulika popote. Haina kazi tena. Nilikuficha usije ukaacha kazi ukarudi.

Ungeweza kudhani basi kwamba mtoto alimdanganya mzee asiyeona. Hapana. Masikio yangu ni mazima. Wiki ya pili tu nilitambua kwamba fisi anakwenda na kurudi Manyatta, na sijasikia ukurasa hata mmoja ukifunguliwa. Nilijua hasomi. Nilimwambia, "Endelea, mama," kisha nikatia saini, jioni baada ya jioni, mpaka muhula ukaisha.

Baba yako, anayekupenda na kukuomba radhi,
Gitari